Chura Ambaye Hakutoka Msufini

Yule chura hakutoka Msufini. Haya, nimesema. Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba alitoka Msufini. Nilishikilia mbele ya maalim wangu wa sayansi, mbele ya wasomi wawili watatu, katika makala niliyoiandika kwa mbwembwe zote na, linaloniuma zaidi, mbele ya jirani yetu, ambaye kwa ajili ya maneno yangu alizuiwa kulima kipande cha bonde lake. Nilipoanza uongo huo nilikuwa na miaka kumi na moja. Sasa nimefika umri wa kutafuta miwani huku nimeivaa. Kwa hiyo kaa vizuri, nikusimulie alikotoka.

Kijiji chetu kiko Pemba, njiani kwenda Vitongoji, kabla hujaanza kusikia harufu ya mwani. Anayeifahamu Pemba anajua kwamba sisi hatuna tambarare. Tuna kupanda na kushuka. Juu ya kila kilima pana mikarafuu, na chini ya kila kilima pana bonde la mpunga, na mtoto wa huko hukua akiwa na mashavu ya miguu kama ya mchukuzi. Mimi nilizaliwa baada ya Mapinduzi na nikakulia katika miaka ile ya foleni ya mkate wa boflo, wakati muhogo ulikuwa kifungua kinywa, chakula cha mchana, na ukikosa bahati, futari.

Serikali ilimpa bibi yangu, mzaa mama, eka tatu juu ya kilima, pamoja na mikarafuu yake na karatasi yake. Karatasi aliihifadhi ndani ya kasha, chini ya kanga mpya. Lakini aliposema "nakwenda kwangu", hakuwa akisema eka zile. "Kwangu" ya bibi ilikuwa mahali ambapo hakupewa na mtu yeyote. Palikuwa kinamasi kilichojificha katikati ya vilima viwili, ambapo chemchemi ilitoka chini ya jiwe jeusi, ikatuama, ikajisahau, halafu polepole ikakumbuka kwamba inatakiwa kwenda baharini. Humo majini ilisimama mikindu, mingine mirefu, mingine bado vichaka, na chini yake majimbi yenye majani mapana kama masikio ya tembo. Pahali penyewe hapakuwa na jina. Ramani haikupajua. Sisi tulipaita kwangu, hata mimi ambaye si pangu.

Hapa lazima nieleze habari ya ukindu, maana bila yake uongo wangu utaonekana wa kijinga tu. Ukindu ni lile jani changa la mkindu, linalochomoza katikati kama upanga kabla halijafunguka. Likikatwa kwa wakati wake, likaanikwa, likachemshwa na kutiwa rangi, ndilo linalosukwa ukili, na ukili ndio unaoshonwa mkeka. Ukikata jani moja ukauacha mti upumzike, mti utakupa tena. Ukikata mawili kwa pupa, mti unanuna. Ukiukata moyo, umeua. Msusi mwenye mikindu yake huijua mmoja mmoja, upi ni zamu yake na upi bado mgonjwa. Akija mwengine asiyeijua, kwa asubuhi moja anaweza kumaliza kazi ya miaka.

Ndiyo maana kwetu msusi hasemi anakokata. Kumuuliza ni utovu wa adabu, sawa na kumuuliza mwanamke ana nini ndani ya kasha lake. Akiulizwa hujibu "huko", na kidevu chake huelekea upande usio wenyewe. Bibi alinifundisha sheria hizi kabla sijajua kuhesabu rakaa. Hatukupita njia moja mara mbili kwa mfuatano, tusije tukachonga njia. Tukirudi, mzigo wa ukindu ulifunikwa kuni juu yake. Na jirani yetu, ambaye naye alikuwa msusi na alijua vizuri sana tunachokifanya kwa kuwa naye alikifanya, hakuacha kutuchokoza.

"Mwatoka wapi, shoga?" angeuliza, amekaa kizingitini na ukili wake mapajani.

"Kuni," bibi angejibu.

"Kuni zenu mbona mbichi hivyo? Naona na majani."

"Mwaka huu zinachipua."

Wote wawili wangecheka, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua, na hakuna ambaye angeongeza neno. Mimi nikifikiri huo ndio urafiki wenyewe, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Sasa, chura. Katika mikindu ile waliishi vyura wa mitini ambao sikuwaona pahali pengine popote, wala bibi hakuwaona. Walikuwa wadogo kama ukucha wa dole gumba. Mchana walijibana pale jani linapoungana na shina, wamekunja miguu na kufumba macho, weupe kama tone la tui. Wingu likipita au jioni ikikaribia, weupe ule uliyeyuka na wakawa rangi ya ndimu changa, na ncha za vidole vyao zikawa manjano kama mtu aliyetoka kusaga bizari. Mayai yao waliyabandika juu ya majani yaliyoinamia maji, ndani ya ute kama wa bamia. Sauti yao haikuwa ile ya vyura wa mpungani wanaogombana kama watu waliopakana viwanja. Ilikuwa kama mtu anayegonga bakuli la bati kwa ukucha, mara moja, akangoja, mara mbili.

Bibi aliwaita wenyeji. Kabla ya kukata jani aligonga shina kwa mgongo wa kisu na kusema, "Hodi. Wenyeji, piteni." Nilipomuuliza kwa nini anawapigia hodi vyura, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Weye ukifika kwa watu unaingia tu?"

Baadaye niligundua kwamba palikuwa na sababu ya pili. Chura akichemka pamoja na ukindu, sufuria lote hunuka na rangi haishiki. Adabu na sufuria zilikuwa upande mmoja, na sidhani kama bibi alijua ipi ilitangulia.

Wenyeji walikuwa pia walinzi wetu. Tukiwa tumetulia, tunatafuna muhogo wa kuchemsha kwa nazi iliyokunwa na pilipili, wao waliendelea na bakuli lao. Wakinyamaza ghafla wote, bibi aliniweka mkono begani tukachutama ndani ya majimbi mpaka aliyepita apite. Mara nyingi hakuwa mtu. Alikuwa kenge, au ng'ombe aliyekata kamba. Lakini sijasahau ule ukimya, na maji yakipanda taratibu kwenye gauni langu, na harufu ya matope mazuri, matope yenye afya, ambayo siwezi kumweleza mtu aliyekulia mjini asiyejua kwamba matope nayo yana afya na ugonjwa.

Nilikuwa darasa la tano alipokuja mtaalamu. Alikuwa mtu wa Bara, kutoka chuo kikuu, mpole, mwenye miwani minene, na alivaa kaptula. Kijiji kizima kilijadili ile kaptula. Mtu mzima, msomi, magoti nje! Maalim wetu wa sayansi alimkaribisha darasani kwa heshima zote huku akijitahidi kutazama juu ya kiuno. Mtaalamu akatwambia anatafuta vyura wa Pemba, wa kila aina, na kwamba mtoto atakayemletea chura asiyemjua atapandishwa gari lake mpaka Wesha, bandarini, akaone meli, kisha arudishwe. Darasa lilitoa sauti kama mzinga wa nyuki. Mimi gari nilikuwa nimelipanda mara moja tu maishani, na siku hiyo nilikuwa na homa.

Sikukusudia kumtoa mwenyeji kwao. Naapa, ingawa baada ya kusoma habari hii utaona kiapo changu kina thamani gani. Asubuhi ya pili yake nilikwenda kuchota maji ya kunywa, na juu ya mtungi alikuwepo, mweupe, amefumba macho, ametulia kama aliyekuja kuhiji. Alikuwa amekuja na mzigo wa jana. Hodi zote zile, na mmoja hakusikia. Nikamtia ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, nikamwekea kipande cha jani la jimbi, nikaenda naye skuli.

Mtaalamu alifungua lile kopo. Aliketi. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akanong'ona, si kwa Kiswahili. Sijawahi tena kumfurahisha mtu mzima kiasi kile, na nimezaa watoto watatu na kuandika vitabu.

"Binti," akasema, "huyu umempata wapi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimefikiri. Watoto arubaini walinigeukia. Nyuma yangu aliketi binti wa jirani yetu, msusi mwana wa msusi, mwenye masikio yanayosikia maharage yakiota. Kusema "kwangu" ilikuwa ni kutangaza mikindu ya bibi mbele ya kijiji. Kusema sijui ilikuwa ni kupoteza gari. Dirisha la darasa lilikuwa wazi, na nje ya dirisha, chini ya mteremko, niliona bonde la mpunga la Msufini, na dimbwi lake lenye majimbi mawili matatu.

"Msufini," nikasema. "Pale, nyuma ya skuli. Kwenye majimbi."

Maalim aliinua nyusi. Yeye alikuwa amepita Msufini kila siku ya Mungu tangu aanze kazi.

"Mwanangu, una hakika?"

"Wallahi, maalim."

Mtaalamu akaandika. Nilimwona akiandika, kwa kalamu ya wino mweusi, herufi ndogo nzuri.

Walitafuta siku tatu. Darasa zima lilishushwa Msufini kila alasiri, tukapekua kila jani, tukayakanyaga maatiko, ile miche michanga ya mpunga ya jirani yetu, mpaka akasimama juu ya tuta na mikono kiunoni.

"Nyie watu wa vitabu! Huyo chura akipatikana mwambieni mpunga huu umepandwa kwa mgongo wangu, si wake!"

Hakupatikana, kwa sababu ambazo wewe na mimi tunazijua. Mimi nilitafuta kwa bidii kuliko wote. Mtaalamu alinisifu. Siku ya nne alinitimizia ahadi, nikaketi mbele, na kwenye mteremko wa kwanza nikatapika muhogo wote juu ya viatu vyake. Wesha niliiona nikiwa mnyonge, nimeshika ndoo, magunia ya karafuu yakipakiwa na harufu yake ikichanganyika na ya petroli. Mwenyeji alikuwa ndani ya sanduku la mbao, ndani ya chupa, si mweupe tena wala si rangi ya ndimu. Aliondoka Pemba kabla yangu.

Nyumbani nilimsimulia bibi kila kitu, isipokuwa kiapo. Alisikiliza huku akipuliza moto. Kisha akakwangua sufuria akanipa ukoko wote wa wali, ule mnene wa pembeni ulioiva na tui, ambao kwa kawaida alikuwa akinigawia kama dawa.

"Umefanya utu uzima," akasema.

Nimepata shahada mbili tangu siku hiyo. Hakuna hata moja iliyokuwa na ladha ya ule ukoko.

Sasa ningeweza kukwambia nilikuwa mtoto, na mambo yakaishia hapo. Lakini nilikua, na uongo ukakua nami, nikaulisha. Nilipokuwa chuo kikuu, rafiki yangu aliyesomea wanyama alinipeleka kwenye chumba chenye rafu za chupa, na pale, kimo cha macho yangu, nikamwona. Kikaratasi kilikuwa na zile herufi ndogo nzuri: Pemba, Msufini, na jina la skuli yangu. Rafiki yangu akasema kwamba huyo ni mmoja tu, hajapatikana mwengine, na mimi badala ya kusema kweli nikasema, "Nilimshika mimi." Miaka ikapita, nikaanza kuandika magazetini, na siku moja sina la kuandika nikaandika makala juu ya bonde la Msufini, na maji yake matulivu, na jinsi nilivyomwona kiumbe yule jua likipenya majani. Ilikuwa nzuri sana. Niliyapamba majimbi matatu mpaka yakawa msitu. Nimeambiwa kwamba makala ile ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa skuli mpaka mchwa walipoimaliza, na nawashukuru mchwa.

Matokeo yake yalikuwa kibao. Watu wa kuhifadhi mazingira walikuja, wakakisimika Msufini, kimechorwa chura mnene wa kijani asiyefanana na chura yeyote niliyepata kumwona. Sehemu ya bonde inayozunguka dimbwi ikapigwa marufuku kulimwa, na sehemu hiyo ilikuwa ya jirani yetu. Kila nilipokwenda kusalimia alinionyesha kwa kidole, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Chura wako huyo miaka yote nakulindia na hata kunisabahi hajaja! Ana kiburi, kama watu wote waliosafiri."

Nilicheka. Nilimletea sukari na kanga kila safari, na yeye akasema mjukuu wa shoga yake ana mkono wazi.

Mwaka juzi ilinifikia simu ya binti mtafiti, msichana wa Unguja mwenye sauti ya upole na uvumilivu wa kutisha. Alikuwa amekaa Msufini masika matatu, akisikiliza na kinasa sauti chake.

"Mama," aliniambia, "nimesoma makala yako mara nyingi. Nimefuata kila neno. Sijasikia kitu. Sasa natakiwa niandike kwamba chura huyu ametoweka duniani. Kabla sijaandika nimeona nikuulize wewe, maana ndiye mtu pekee aliye hai niliyemsikia kwamba alimwona. Nisaidie. Ulikuwa umesimama wapi hasa?"

Nilimwambia nitampigia. Halafu nikakata tiketi ya boti.

Bibi alikwishafariki zamani. Kwangu ilirithiwa na mama mdogo, dada yake mama, ambaye ndiye mwanafamilia pekee aliyeendelea kusuka. Siri haikuwa yangu ya kutoa, hilo nililijua. Nilimkuta ugani, amenyoosha miguu, ukili unamtoka mikononi bila yeye kuutazama. Nikamweleza yote, la chupa, la makala, la kibao, la binti mtafiti. Nikamwambia wale wenyeji wa bibi ndio chura mwenyewe, hawapo popote duniani ila pale, na kwamba wakiandikwa wametoweka hakuna atakayewalinda tena. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka nimpeleke mtu kwangu."

"Mtu mmoja tu, mama mdogo. Hatakata hata jani."

"Leo mtu mmoja. Kesho kibao. Keshokutwa mie naambiwa hapa pamehifadhiwa, bibi, toka na kisu chako." Mikono yake haikusimama. "Jirani yako hapo umemwona? Yeye alikuwa na chura wa uongo, na kaondoshwa. Mie mwenye wa kweli si ndo ntazikwa kabisa?"

"Nitazungumza nao. Nitawaambia wewe ndiye uliyewatunza."

"Utawaandikia makala?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Umesoma mpaka macho yamekwisha, mwanangu, na ulipokuwa mtoto ulijua kufunga mdomo kuliko sasa. Bibi yako alikupa ukoko kwa lipi?"

"Hata wewe wajua habari ya ukoko?"

"Ulikuwa ukoko wangu," akasema.

Nikamwomba basi twende sisi wawili, nikawasikie tu, nirudi. Akasema mguu unamuuma. Nikasema nitakwenda peke yangu, na akacheka, maana alijua kwamba mtoto aliyefundishwa asichonge njia akizeeka hana njia ya kuifuata. Kweli nilijaribu. Asubuhi moja nzima nilipanda na kushuka na viatu vyangu vya mjini, nikatokea katika mihogo ya watu mara mbili. Vilima vilikuwa vimevuliwa miti na kuvikwa nyumba za mabati. Jiwe jeusi sikuliona.

Niliporudi Unguja nilimpigia binti mtafiti nikamwambia ukweli kwa kadiri ulivyokuwa wangu. Si Msufini. Haikuwa Msufini kamwe. Ni pengine, napajua, na siwezi kukwambia kwa kuwa mwenyewe amekataa.

"Mama," akasema, "masika matatu. Mbu wa Msufini wananijua kwa jina."

Nikamwomba radhi. Akanipa, kwa namna ya vijana waliolelewa vizuri, ambayo humwacha mtu mzima akiona haya zaidi. Kisha akasema kama kweli pako mahali ambapo bado hapajasikilizwa, basi hataandika lolote mpaka asikilize, na kwamba atangoja. Kibao aliahidi kitang'olewa. Nilimpigia jirani yetu nikamwambia mwenyewe, kwa sauti yangu, kila kitu. Alisikiliza, akavuta pumzi.

"Zile kuni," akasema. "Nilijua tu zina kitu." Halafu simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama sijasamehewa au chaji yake ilikwisha.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya ule uhodari wetu wa kunyamaza. Nililelewa na wanawake ambao kila walichokipenda walikificha, na kweli kilidumu kwa sababu kilifichwa. Mikindu ya bibi ilimpa mikeka ya kuozea binti zake wote, na hakuna moyo wa mti uliokatwa. Hakuna sheria ya maandishi iliyowahi kuwatunza wale wenyeji kama ile hodi yake. Lakini alitunza katika dunia ambayo adui alikuwa msusi mwengine mwenye kisu, mtu unayemjua, unayetaniana naye kizingitini. Sijui angefanya nini na adui anayekuja na karatasi, akauliza kwa adabu, akaandika jibu lako, akashukuru. Nikiwa peke yangu hujaribu kuigiza ile sauti kwa ukucha na bakuli. Mara moja, ngoja, mara mbili. Haifanani. Bakuli za siku hizi ni za plastiki.

Mama mdogo si mtu wa kupiga simu. Wiki iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri, alipiga. Hakuanza na habari za watoto.

"Yule binti yako bado angoja?"

"Bado, mama mdogo."

"Mwambie asingoje." Nikamsikia akihamisha simu kutoka sikio moja kwenda jingine. "Kwangu hapana kitu, mwanangu. Hapana maji. Ule mwaka walipochimba mtaro juu huko, wa kupeleka maji mabonde ya chini, chemchemi ilikufa. Mikindu ikasimama mikavu kama mafagio, kisha ikaanguka. Huu ukindu ninaosukia naletewa kutoka Mkoani."

Nilimuuliza tangu lini. Akaniambia, na nikahesabu, na ilikuwa kabla binti mtafiti hajasikiliza hata masika yake ya kwanza.

"Lakini hawakuuliza?" nikasema. "Kabla ya kuchimba, hawakuuliza kama chini huko kuna kitu?"

"Waliuliza. Walikuja hapa hapa ugani, vijana wazuri, wana adabu, mmoja kashika karatasi. Wakanambia, bi mkubwa, kule bondeni kuna kitu chochote cha watu?" Nikamsikia akimfukuza kuku. "Nikawambia hakuna kitu. Magugu tu. Sasa ningesema nini? Ningesema kuna mikindu yangu?"

Wa kumlaumu hakuwa mimi. Mimi niliyeapia Msufini.

"Lakini mlete huyo mtoto," akasema. "Ntampeleka. Mguu huu hauna kitu, ulikuwa uongo, niliona haya tu usipaone. Akapaone, aandike vizuri palikuwa wapi. Na mwambie asihangaike kubeba mabuti. Pamekauka, hata makubadhi yatafika."